Pale Penye Nyumba Nilishona Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, tena kwa hasira. Mabati ya mabanda yetu mapya yalipiga kelele mpaka watu wakawa wanazungumza kwa mikono. Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe au daftari hili liishe, kwa sababu linalotokea hapa halitatokea tena. Ukuta wa bwawa umeshafungwa kule chini, na msimu huu maji yatabaki bondeni. Bonde lenyewe ndiko tulikotolewa miezi mitatu iliyopita. Sasa tutakaa huku ukingoni tukiangalia nyumba zetu zikizama moja moja. Wametuhamisha na kutupa viti vya mbele.

Ofisi ya bwawa imetuletea Msanii. Ni binti wa mjini mwenye miwani mikubwa, mpole, anayesema "akina mama zangu" kila sentensi ya pili. Kazi yake ni kutuongoza tudarizi kitambaa kimoja cha mita sita kwa mbili, kitundikwe kwenye ukumbi wa ofisi. Kitakuwa na bonde zima, mto, mawe, mashamba na nyumba. Tuko wanawake ishirini na sita, na kila mmoja atashona nyumba yake pale ilipokuwa. Alitueleza kwamba mwanamke, nyumba na ardhi ni kitu kimoja, na kwamba mlima ni mgongo wa mama. Kijiko, aliyepewa jina hilo kwa kuchokoa kila chungu kisicho chake, akauliza, "Sasa wakitujazia maji, huyo mama anaoga au anakufa?" Msanii akaliandika swali kwenye daftari lake.

Mwenyekiti wetu ni Mkunga. Amezalisha nusu ya bonde na nusu iliyobaki inamwogopa. Ameweka sheria moja, kwamba nyumba haishonwi mpaka majirani wa pande zote wakubali kuwa ilikuwa hapo na ilikuwa hivyo. "Sitaki aliyekuwa na kibanda atushonee ghorofa," alisema. Mimi nimepewa kuchora ramani kwa penseli, maana nilifundisha watoto wadogo miaka kumi na tisa na watu wote wananiita Mwalimu.

Tulipokuwa tunagawana sindano akaingia Wifi, akipapasa ukuta. Ni dada wa marehemu mume wangu, na mimi na yeye tunaitana wifi, kwa mdomo tu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi.

"Huyu hawezi kushona," alisema Mkunga. "Jirani yake nani?"

Watu wakaangaliana. Jirani yake ni mimi, hana mwingine.

"Basi Mwalimu atamshonea. Wifi kwa wifi."

Wifi akatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimechonga penseli.

Jumapili, 9 Machi

Naliandika hili mara moja ili nisilirudie. Nyumba ile ya juu, ya mwisho kabisa chini ya jabali, niliingia nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mume wangu alisimamisha miti, kuta nilizikandika mimi. Udongo mwekundu niliuchimba kwenye kingo za mto, nikaupandisha kwa ndoo mpaka utosi ukaingia kishimo. Kila mwaka baada ya mvua nilipaka upya kwa viganja, na ukisimama karibu uliona alama za vidole vyangu kutoka kona hadi kona. Wifi alikuja kuishi nasi aliporudishwa na mumewe. Tulimpa chumba cha nyuma.

Mume wangu akafa. Wiki ya sita baada ya mazishi nilirudi kutoka shuleni nikakuta godoro langu nje, kwenye mvua, na sufuria zangu zimepangwa juu yake vizuri, kubwa chini ndogo juu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia, "Hapa ni kwa baba yangu. Wewe ulikuja na mtu, na mtu ameondoka."

Sikumwambia yeyote. Mwalimu wa watu hawezi kufukuzwa kama kuku halafu kesho asimame mbele ya ubao. Nilitafuta fundi kutoka ng'ambo ya mlima, nikamwambia anijengee jiko, akanijengea chumba kimoja hatua arobaini chini ya nyumba ile. Nikalala jikoni miaka kumi na moja. Yeye naye hakusema, maana angesemwa. Waliokuwa chini bondeni waliita "kule juu kwa mawifi" na hawakujisumbua kupanda. Jabali liliificha nyumba yake wasiione, na mimi aibu ilinificha.

Hata huku wametupa vyumba vinavyofuatana kwenye banda moja, tumetengwa na ubao. Nikikohoa, ananiambia pole.

Ijumaa, 14 Machi

Nyuzi zimefika. Kijani aina saba, wekundu aina moja tu, na si wenyewe. Msanii ameahidi kuuleta mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya jambo. Nitalieleza lote kwa sababu limenifurahisha.

Wiki iliyopita nilipochora ramani niliweka nyumba moja tu kwenye mteremko wetu. Niliiweka pale palipokuwa na jiko langu, lakini nikaipa paa la pande nne, madirisha mawili na kuta nyekundu. Mkunga alisogea na miwani yake. "Hii ndiyo ile ya marehemu mumeo?"

"Ndiyo."

"Nilifika siku ya harusi yenu. Nilidhani ilikuwa juu zaidi."

"Siku ile ulikuwa na magoti, Mkunga. Sasa una misumari, kila mteremko umerefuka."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akauliza jirani ni nani athibitishe, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ni Wifi, na Wifi haoni. Ya Wifi nikasema nitaishona nikifika juu. "Basi, Mwalimu hasemi uongo," akapita kwenye nyumba nyingine.

Leo sasa nilifika juu, chini ya jabali, mahali pa nyumba yenyewe. Nilichukua nyuzi za kijivu nne kwa pamoja, nikashona fundo juu ya fundo mpaka pakawa na uvimbe mkubwa kama ngumi ya mtoto. Nilishona jiwe. Atakayeangalia ataona jabali limeshuka kidogo, basi.

Wifi alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Ananisokotea nyuzi, kazi anayoiweza. "Umefika kwangu?" akauliza.

"Nimefika."

"Naomba nishike."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Nikauweka juu ya jiwe. Vidole vyake vikazunguka taratibu, vikapanda, vikashuka.

"Paa umelifanya zito," alisema.

"Bati lilikuwa zito."

"Na mlango?"

"Umefungwa," nikamwambia.

Akauacha mkono hapo mpaka chai ilipoletwa. Msanii alituona akatupiga picha. Akasema hiyo ndiyo maana halisi ya kazi hii, wanawake wawili na nyumba moja.

Jumatano, 19 Machi

Nimelala vizuri kuliko miezi yote.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kijiko anasema tukimaliza kudarizi samaki watatuomba kitambaa wajue wanakaa kwa nani.

Alhamisi, 27 Machi

Maji yamefika nyumba ya kwanza. Ni ya Kijiko, iliyokuwa karibu na kivuko. Tuliacha sindano tukaenda ukingoni. Kwa mbali maji hayaonekani kama yanatembea. Ukitazama kando ukarudisha macho, ngazi imekwenda, ukitazama tena, kizingiti kimekwenda. Kijiko alisogea mpaka ukingo wa mwisho. Hatimaye akasema, "Nimesahau ufagio wangu nyuma ya mlango." Akarudi kwenye kitambaa, akaushona ule ufagio, umeegemea ukuta, mkubwa kuliko dirisha. Msanii alilia mpaka ikabidi sisi tumbembeleze.

Wifi alinivuta kanga. "Kwangu pamefikiwa?"

"Bado. Ni juu sana."

"Utaniambia."

"Nitakuambia."

Kutoka ukingoni nyumba ile inaonekana yote, jabali haliifichi upande huu. Ajabu ni kwamba hakuna mwingine anayeitazama. Kila mtu ana macho ya kwake tu.

Jumatano, 2 Aprili

Leo mvua ilitufungia kibandani, mimi na yeye peke yetu, wengine walikuwa kwenye mgao wa blanketi. Nilikuwa najaza mteremko kwa mshono wa mnyororo. Akaanza kunielekeza, "Usisahau ule mti uliokatika kichwa. Usisahau mawe ya kuvukia, yalikuwa tisa, la sita lilicheza." Yalikuwa tisa kweli. Kipofu ana bonde zima kichwani, mimi mwenye macho nilikuwa nimeshona saba.

Halafu, bila kubadilisha sauti, "Wifi, unajua kwa nini nilikutoa?"

Sindano ikanichoma. Miaka kumi na moja hatujawahi kulitaja.

"Kwa sababu ya roho yako," nikamwambia.

"Roho ipo. Lakini sikiliza. Mume wangu alinirudisha kwetu na nguo nilizovaa. Baba alikuwa ameshakufa. Kaka akanipokea, na wewe ukanipokea, sikatai, ulinipa na shuka. Kaka akafa. Nikajihesabia, nyumba ni moja na wajane wa kila aina ni wawili. Wewe una kazi, una daftari, watu wanakuita Mwalimu. Mimi nina nini? Siku yoyote ungeolewa tena, ungeleta mwanaume, na mwanaume angeuliza huyu wa chumba cha nyuma ni wa nini. Mmoja wetu angetoka tu. Nilihakikisha si mimi."

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

Nikatunga uzi mwingine. Ningesema tukae wote, kisha ningemchoka. Najijua.

"Siombi msamaha," alisema. "Ningekuomba ningekuwa naongopa. Ningelifanya tena. Ila zile sufuria nilizipanga kwa sababu niliona aibu kuzitupa."

Tukaendelea, yeye anasokota, mimi nashona. Nilikuwa nimemchukia mwanamke mkubwa aliyejaa mlangoni kote. Huyu niliyekaa naye leo ni mwoga mwenye mifupa midogo, na woga wake naufahamu, maana mimi nilikuwa nao vilevile, nikauita heshima.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeamua kulifumua jiwe. Kesho.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkunga alikaa upande wangu siku nzima. Sikuweza.

Jumatatu, 7 Aprili

Wekundu mpya umefika, na safari hii ndio wenyewe kabisa, rangi ya kingo za mto. Nilikuwa nimeweka kisu kidogo mfukoni kwa ajili ya mafundo. Badala yake nikautumia uzi wote kwenye kuta za nyumba yangu ya uongo. Zimependeza mno. Nilishona alama za vidole. Nimejiambia nitaanza na kuta, halafu jiwe.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimkuta Msanii na mafundi wake wameshashonea bitana ya turubai nyuma ya kitambaa kizima na kukibana kwenye mbao. Mafundo sasa yameshikwa pande zote mbili. Nikifumua kwa mbele patabaki tundu.

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo nikauliza kama chai ipo.

Jumanne, 15 Aprili

Maji yamefika kwa Wifi. Saa nne yalikuwa kwenye jiko langu, yakalimeza bila hata kusita, miaka kumi na moja ikaenda kwa nusu saa. Saa tisa yakaingia kwenye nyumba. Ule mlango hatukuufunga siku ya kuhama, ukawa unafunguka na kujifunga na maji. Ukuta wa mashariki ulianguka wa kwanza. Udongo ukageuka wekundu ndani ya maji, doa kubwa jekundu likatanda, likachukuliwa.

Nilirudi nikamkuta ameketi kwenye ndoo. "Kwangu?"

"Bado," nikasema.

Sijui kama nilimhurumia au nilitaka kubaki na kitu ambacho yeye hana.

Jumamosi, 19 Aprili

Ameuliza tena. Bado.

Jumanne, 22 Aprili

Kitambaa kimekabidhiwa. Kimewekwa ukumbini nyuma ya kioo, kuna taa juu yake. Nikiwa mkweli, ni kizuri. Ukikiangalia unaona mto unavyojikunja, mashamba, ufagio wa Kijiko, mawe tisa ya kuvukia, na pembeni majina yetu ishirini na sita kwa mkono wa kila mtu. Jina la Wifi nililishona mimi. Wakubwa walihutubia. Mmoja alisema sisi ni nguzo. Kijiko akaninong'oneza, "Ndiyo maana wanatuegemea." Wifi aliomba apelekwe mbele akiguse, akagusa kioo.

Jumanne, 29 Aprili

Wiki nzima hakuna jipya. Nguo zimeota ukungu kwenye masanduku.

Jumanne, 6 Mei

Leo dunia imepinduka.

Tuliitwa ukumbini kuhusu mgao wa viwanja, vile vya kudumu, vya kujengewa nyumba za matofali. Afisa wa viwanja ni kijana mwenye mafaili manne na mafua. Akasoma orodha iliyoandikwa na wahesabu nyumba mwaka juzi. Wahesabu walipita bondeni mchana tukiwa mashambani, wakaandika walichoambiwa na wanaume waliokuwa wamekaa vilabuni. Alisoma majina dakika ishirini. Wajane hawamo. Waliotelekezwa hawamo. Nyumba ya Kijiko imeandikwa kwa mume aliyeondoka zamani hata sura yake haikumbuki. Wanawake kumi na mmoja kati yetu hawakuwa na nyumba, kwa mujibu wa karatasi.

Mkunga akasimama. Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono kwenye kioo. "Mwanangu, zile nyumba unaziona? Hatukushona kwa ajili ya kiwanja, hatukujua habari ya kiwanja. Kila moja imethibitishwa na majirani, na majina ya waliothibitisha yapo pembeni. Wewe una karatasi iliyoandikwa na wageni kwa siku mbili. Sisi tuna hii."

Afisa akapenga kamasi, akaenda kuangalia. Akakaa pale muda. Msanii alieleza jinsi tulivyofanya kazi. Afisa akampigia mkubwa wake simu, akarudi, akasema kitambaa kitapokelewa kama ushahidi. Watasikiliza nyumba kwa nyumba Ijumaa. "Lakini," akasema, "nikikuta nyumba moja tu ya uongo, nakiondoa chote, tunarudi kwenye orodha."

Wanawake walikumbatiana. Kijiko alinibusu mashavu yote mawili, akaniambia penseli yangu ibarikiwe. Mimi nilikuwa naliangalia lile jiwe nyuma ya kioo.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda kwa Mkunga asubuhi. Alikuwa anachambua mchele. Nilianza, "Mkunga, kuna kitu kwenye kitambaa…"

Akaniangalia tu, mkono umesimama juu ya ungo. Nadhani alikumbuka magoti yake ya siku ya harusi, na kwamba nyumba ilikuwa juu zaidi.

"Mwalimu," alisema, "kuna kumi na mmoja. Mmoja wao ana watoto watano na amelala chini ya turubai. Kitu unachotaka kuniambia kitamsaidia nani?"

"Wifi yangu."

"Mmoja."

"Mmoja."

"Basi sijasikia. Nenda kamwangalie wifi yako, asikose kitu." Akarudi kwenye mchele.

Nilipofika bandani Wifi aliuliza habari za nyumba. Nikamwambia ukweli huo mmoja, kwamba imezama, wiki tatu sasa. Akaitikia kwa kichwa. "Nilisikia sauti yako siku ile ya kwanza," alisema, "nikajua."

Ijumaa, 9 Mei

Tuliingia saa tano. Afisa alikuwa amevuta meza karibu na kioo. Kijiko alikuwa ametoka kabla yetu, anacheka na kulia kwa pamoja, kiwanja kimeandikwa jina lake yeye.

"Mteremko wa juu," alisema Afisa. "Naona nyumba moja. Kwenye orodha imeandikwa jina la marehemu. Mpo wawili. Mama, wewe nyumba yako ni ipi?"

Alimuuliza Wifi. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amelivaa nyuma mbele, na mimi nilikuwa nimeona tangu bandani nikanyamaza. Aligeuka upande wangu. Safari hii aligeuka sawasawa.

"Mimi sioni, baba. Alinishonea wifi yangu. Muulize yeye. Atakalosema ndilo."

Ilikuwa inatosha kusema maneno matatu, zilikuwepo nyumba mbili. Nimekaa mchana wote nikijieleza kwamba niliwafikiria wale kumi na mmoja. Niliwafikiria. Lakini daftari hili ni langu na hakuna wa kumdanganya humu. Nusu ya sababu ilikuwa wao. Nusu nyingine ilikuwa utamu. Ulinipanda kutoka tumboni, mtamu kabisa, nikaona godoro langu kwenye mvua, na mdomo ukasema wenyewe.

"Kulikuwa na nyumba moja. Ya mume wangu na mimi. Kuta nilikandika kwa mikono hii. Huyu nilikuwa namlea."

Afisa akamtazama. "Ni kweli, mama?"

Wifi alipapasa ukingo wa meza.

"Kama alivyosema," akajibu.

"Basi ataandikwa chini yako," Afisa akaniambia, "kama mtegemezi." Akaniandikia kiwanja namba kumi na nne. Kumi na mmoja wote wamepata. Mkunga alinipita mlangoni bila kuniangalia, akamshika Wifi bega, akampeleka kando na kumgeuzia lile gauni, kola ikae mbele.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinapungua. Wametoa ubao uliotutenga, maana sasa sisi ni kaya moja.

Jumanne, 20 Mei

Hali ni hii. Akiamka anakaa kitandani na kusema, "Wifi, naomba ruhusa niende chooni." Akitaka maji, "Naomba ruhusa ninywe maji yako." Nilidhani ananikejeli, nikangoja nisikie kicheko kwenye sauti. Hakimo. Anaomba kwa adabu, anangoja, na nisipojibu hanywi. Juzi nilikwenda kisimani nikachelewa, nikamkuta midomo imekauka na mtungi uko karibu na goti lake.

Watu wakipita anawaambia, "Huyu wifi yangu alinipokea. Nilikuwa sina nyumba, sijawahi kuwa nayo. Miaka yote hiyo amenilea." Anasema kwa sauti ya kufika banda la tatu. Wanawake wananisifu. Jana mmoja alimleta binti yake anayeolewa aje aone wifi mwema anavyokuwa.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimeshindwa. Nilipiga magoti mbele ya kitanda chake nikamwambia yote, jiko langu, ramani, nyuzi za kijivu nne kwa pamoja, mkono wake nilivyouweka, mlango niliousema umefungwa. Nikamwambia viwanja vimeshaandikwa, hati zimetoka, kumi na mmoja wako salama. Twende kwa Afisa mimi na yeye tu, niseme nilimdhulumu mtu, kiwanja wakigeuze jina, mimi nitajua pa kwenda. Nililia. Sikuwa nimelia mbele yake hata siku ile ya godoro.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akanipapasa uso wote, paji, macho, pua, alivyopapasa lile jiwe.

"Wifi, umechoka," alisema. "Nyumba gani? Mimi nilikuwa nakaa kwako."

"Usinifanyie hivyo."

"Afisa ameandika. Wewe ndiye ulisema, na mimi nikaitikia. Ukienda kwake nitamwambia vilevile. Nitamwambia wifi yangu ana huruma kupita kiasi, anataka kunipa hata kisicho changu."

"Unanichukia kiasi hicho?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli.

"Sikuchukii. Ulipotoka pale kwangu uliondoka na kitu, ulikuwa na haki. Nilikuonea, na wewe ulijua, na mimi nilijua, miaka kumi na moja ulitembea kichwa juu. Sasa haki iko kwangu. Nimebakiwa na hiyo tu. Huwezi kuniomba niirudishe."

Ijumaa, 13 Juni

Siku kumi mvua hazijanyesha. Nyumba yetu imekuwa ya kwanza kuezekwa kwa sababu yupo mlemavu ndani ya kaya. Vyumba viwili, matofali ya kijivu, madirisha mawili, sakafu ya saruji. Mafundi walikuwa bado wanakusanya vifaa, Mkunga na Kijiko na wengine wengi walikuja kushuhudia tukiingia. Msanii naye alikuja na kamera.

Niliingia mimi. Nikageuka nikaona Wifi amesimama nje ya kizingiti na furushi lake kichwani, ameinamisha uso kidogo.

"Naomba ruhusa niingie kwako," alisema, kwa sauti ya kufika kwa kila mtu.

"Ingia, wifi. Ni kwetu."

"Kwako," alinisahihisha kwa upole. Hakusogea. Watu waliguna kwa kuguswa, mwanamke mmoja akajifuta macho. Mkunga alikuwa anaangalia chini.

Nikamwambia tena aingie. Akasema asante, akaendelea kusimama juani, anangoja niseme mara ya tatu.